Reli ya Tanga: Nani Alipe Nauli?

Juma hili tuzungumzie garimoshi. Ukikaa barazani pale Mabawa, mazungumzo yakafika kwenye reli, hukosi kumsikia mtu akisema: "Treni ya abiria ikishindwa kujilipia, na ife. Kwa nini kodi ya muuza samaki imsafirishe mtu wa Moshi?" Swali hilo ni la haki, wala si la kubezwa. Lakini kabla hatujalijibu, tuitazame historia ya reli yetu wenyewe.

Reli ya kwanza Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893. Walioianzisha ni kampuni binafsi ya Kijerumani iliyotarajia faida. Ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 hivi, kisha mfuko ukatoboka. Mwaka 1899 Serikali ya Ujerumani ikaichukua na kuiendeleza kwa fedha za umma: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Ndiyo kusema, miaka sita tu tangu kuanza, reli hii ilikwisha kumshinda mfanyabiashara na kuangukia mikononi mwa walipa kodi.

Aliyefaidi kwanza ni nani? Ni mlowezi mwenye shamba la mkonge, mpira na kahawa. Mwananchi, aliyetozwa kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, hakuulizwa. Waingereza nao wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, ikafunguliwa njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, karibu na Korogwe, ili kuiunganisha na Reli ya Kati. Katika historia yote hiyo, reli haikungoja nauli ya abiria ndipo ijengwe.

Yakaja mageuzi ya uchumi. Mashirika ya umma yakaambiwa yajitegemee, na katika miaka ya 1990 abiria wa njia hii wakabaki na mabasi. Huduma ilirejea Desemba 2019 kati ya Dar es Salaam na Moshi, na Arusha ikafikiwa Oktoba 2020. Njia ilifufuliwa kwa fedha za Serikali, yaani zako na zangu. Na kwa kuwa treni itokayo Dar es Salaam huikuta reli yetu Mnyusi, haina haja ya kuingia Tanga mjini. Mji uliozaa reli unaweza kulipia treni bila hata kuisikia honi yake!

Wako wanaosema basi linajitegemea. Kweli, mwenye basi hulipa tozo ndani ya bei ya mafuta. Lakini hakuna aliyemwambia ajenge kwanza lami na madaraja ya kutoka Chalinze hadi Segera ndipo apakie abiria. Reli ndiyo huambiwa ibebe yote: njia, madaraja, vituo na mabehewa. Huo si ushindani wa haki.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ruzuku itolewe. Mama mwenye tenga la machungwa na mwanafunzi anayerudi nyumbani nao wana haki ya kusafiri kwa nauli nafuu. Ila yawepo masharti. Kiasi kinachotolewa kitangazwe kila mwaka, tujue kila abiria ametugharimu kiasi gani. Ruzuku imfuate msafiri wa daraja la tatu, isiishie kwenye starehe za daraja la kwanza. Na miji inayochangia ihudumiwe, Tanga ikiwamo.

Wajerumani walilipia reli kwa fedha za umma ili mkonge ufike bandarini. Sisi tunaona haya gani kulipia ili watu wafike makwao? Kinachotakiwa ni hesabu ya wazi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.