Siku ya Wakunga, Siku ya Madaktari

Ukitaka kuwasha moto kwenye grupu ya WhatsApp ya wanawake wa Nairobi, uliza tu: nijifungue kwa mkunga ama kwa daktari? Kabla chai yako haijapoa utaambiwa madaktari hukimbilia kisu na mkunga ndiye mwenye subira. Mwingine atajibu kwamba subira hiyo hiyo ndiyo iliyompokonya binamu yake mtoto. Kila mtu ana msiba wake wa kutolea ushahidi. Mimi hupenda historia kuliko ugomvi, na swali hilo hunipeleka Vienna, mji mkuu wa Austria, miaka ya 1840. Huko kulikuwa na wanawake maskini waliolijibu kabla ya maprofesa, na wakalijibu sawasawa.

Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na kliniki mbili za uzazi, jirani kabisa, zikitumia ukumbi mmoja wa kuingilia. Huduma ilikuwa bure. Wengi waliokuja hawakuwa na mume wala pesa, na mtoto angeweza kupokewa kwenye makao ya watoto walioachwa. Malipo ya mama yalikuwa mwili wake: wanafunzi wajifunzie kwake. Mwaka wa 1840 serikali iliamua kuwatenganisha wanafunzi hao. Wanaosomea udaktari, wanaume watupu, wakapewa Kliniki ya Kwanza, na wanaosomea ukunga wakapewa ya Pili. Mama mwenyewe hakuulizwa anataka ipi. Zamu ya kupokea wagonjwa ilibadilika saa kumi jioni. Ukifika Jumanne saa tisa na nusu, uko mikononi mwa madaktari. Ukiweza kuubana uchungu nusu saa zaidi, uko kwa wakunga.

Na kulikuwa na sababu ya kuubana. Kati ya 1841 na 1846, wanawake 20,042 walijifungua katika Kliniki ya Kwanza, wakafa 1,989. Katika ile ya Pili walijifungua 17,791, wakafa 691. Yaani kwa madaktari alikufa karibu mmoja katika kila kumi, na kwa wakunga mmoja katika kila ishirini na tano hivi. Mwaka wa 1846 peke yake pengo lilikuwa baya zaidi: 459 kati ya 4,010 upande mmoja, 105 kati ya 3,754 upande wa pili. Kilichowaua ni homa ya uzazi. Mama anajifungua salama, anamnyonyesha mtoto, halafu baada ya siku moja au mbili joto linapanda, tumbo linavimba na kuuma hata shuka halivumilii.

Jiji zima lilijua. Wanawake walipiga magoti wakiwasihi wasiwapeleke Kliniki ya Kwanza. Na kulikuwa na waliojifungulia njiani, barabarani, ndipo wakaingia hospitalini na mtoto mkononi. Hao waliugua mara chache kuliko waliozalishwa ndani. Hebu fikiria hilo. Barabara ya Vienna, na baridi yake, ilikuwa salama kuliko kitanda kilichozungukwa na wasomi.

Wasomi nao walikuwa na maelezo, tena mengi. Walisema ni hewa mbaya ya jiji, kana kwamba hewa hubisha hodi mlango mmoja na kuuruka wa jirani. Msongamano? Kliniki ya Pili ndiyo iliyofurika, maana kila mtu alikuwa akikimbilia huko. Wengine walisema ni hofu. Padri aliyekuwa akienda kuwapa wanaokufa sakramenti alipita katikati ya wodi za Kliniki ya Kwanza, mbele yake kengele ikilia, na ikadhaniwa kengele ile inawatisha akina mama hadi wanaugua. Padri akaombwa azunguke njia nyingine, kengele ikanyamaza, vifo vikaendelea. Mwishoni mwa 1846 tume ya uchunguzi ikawalaumu wanafunzi wa kigeni, eti wanawapima wanawake kwa nguvu mno. Idadi ya wanafunzi ikapunguzwa kutoka 42 hadi 20. Vifo vikashuka, kisha vikarudi: Aprili 1847 walikufa 57 kati ya 312.

Msaidizi wa profesa katika kliniki hiyo alikuwa kijana wa Hungaria, Ignaz Semmelweis. Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, profesa aliyekuwa akichunguza maiti, alikatwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wa upasuaji. Akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma ripoti ya maiti ya rafiki yake aliona ni ile ile aliyokuwa akiisoma kila siku kuhusu akina mama. Hapo ndipo mambo yote yakajipanga. Kila asubuhi yeye na wanafunzi wake waliingia mochari kuwapasua wanawake waliokufa jana, kisha wakaenda wodini kuwapima waliokuwa hai. Wakinawa kwa sabuni, harufu ya maiti haikutoka. Wakunga hawakuwa na somo la kupasua maiti. Tofauti ilikuwa hiyo tu.

Hapa huwa natengana na wanaokisimulia kisa hiki ili kumsifu mkunga. Sina ubaya na sifa zake, lakini Vienna haikuthibitisha kwamba wakunga walikuwa wapole zaidi au karibu zaidi na maumbile. Kabla ya 1840, wanafunzi wa aina zote mbili walipokuwa wakichanganywa katika kliniki zote mbili, pengo kama hili halikuwepo. Rudi nyuma zaidi: hadi 1822 kitengo cha uzazi kiliongozwa na Johann Lucas Boër, daktari mwanamume, aliyekataa maiti zisitumiwe kufundishia uzalishaji. Katika enzi yake alikufa takriban mama mmoja kwa mia. Aliyemrithi, Johann Klein, alirudisha maiti, na vifo vikaruka. Klein huyo huyo ndiye aliyekuwa bosi wa Semmelweis, kwa hivyo unaweza kukisia jinsi ugunduzi ulivyopokewa.

Katikati ya Mei 1847 Semmelweis aliweka bakuli la maji ya klorini mlangoni (jamaa wa kile tunachokiita Jik) na kumlazimisha kila mtu anawe. Juni walikufa 6 kati ya 268. Julai, 3 kati ya 250. Oktoba akapata somo jingine, chungu. Mgonjwa wa saratani ya mfuko wa uzazi alilazwa kwenye kitanda cha kwanza cha safu. Madaktari walimpima yeye kwanza, wakanawa kwa sabuni tu, wakaendelea na wengine. Kati ya 12 waliojifungua pamoja naye, walikufa 11. Kumbe sumu haikuhitaji maiti. Ingeweza kutoka kwa mtu aliye hai, na kwa hivyo ingeweza kubebwa na mkono wowote, wa mkunga ukiwemo.

Mwaka wa 1848, wa kwanza kunawa kuanzia Januari hadi Desemba, Kliniki ya Kwanza ilipoteza 45 kati ya 3,556, na ya Pili 43 kati ya 3,219. Ukipiga hesabu utaona madaktari waliwapita wakunga, kwa unywele. Hakukuwa tena na sababu ya kuubana uchungu hadi saa kumi.

Mwaka uliofuata mkataba wake haukuongezwa. Wakubwa wengi wa taaluma walimpuuza au kumkejeli, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa maneno matamu. Kitabu chake kilitoka 1861, na mwaka wa 1865 akafia katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47, kidonda kikiwa kimeoza. Huko Kiel, daktari Gustav Michaelis alimwamini mapema. Akakumbuka binamu yake, ambaye alikuwa amemhudumia na ambaye alikufa kwa homa ya uzazi. Agosti 1848 Michaelis alijiua.

Kwetu, kwenye hospitali za umma, anayekuzalisha mara nyingi ni sista, yaani muuguzi mkunga, na daktari huitwa mambo yakiharibika. Kwa hivyo wengi wetu hatuchagui mmoja tukamwacha mwingine. Tunaingia kwenye mnyororo, na maisha yetu yako pale pete moja inaposhikana na nyingine. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua mama wengi Kenya, na damu haingojei zamu ibadilike. Nikiulizwa leo, nami huuliza: je, kuna maji kwenye bomba la wodi? Damu ikianza kumwagika saa nane usiku, ni nani anapigiwa simu, yuko wapi, na chupa ya damu inatoka wapi?

Rafiki yangu mjamzito alilipeleka swali hilo la mwisho kwenye hospitali moja ya kibinafsi. Akapewa orodha ya bei: kujifungua kawaida, kwa upasuaji, chumba cha peke yako, chumba cha watu wawili. Akauliza tena.