Fumbo la kuvuka mto

Fumbo la kuvuka mto ni aina ya chemshabongo ambamo mtu anatakiwa kuvusha vitu, wanyama au watu kwa mtumbwi mdogo, bila kuwaacha pamoja ukingoni wale wanaoweza kudhuriana.

Historia

Toleo la kale linalojulikana limo katika mkusanyo wa maswali ya Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York (alifariki 804). Linataja mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Afrika ina matoleo yake, yakiwemo ya Uganda, Ethiopia na Zambia. Mwanahisabati wa Marekani Marcia Ascher aliyalinganisha katika makala ya mwaka 1990. Katika simulizi ya Kiswahili ya Zanzibar, vitu hivyo ni chui, mbuzi na majani ya miti.

Utatuzi

Tuseme mtumbwi unabeba mtu na kitu kimoja tu. Chui akiachwa na mbuzi atamla. Mbuzi akiachwa na majani atayala.

1. Vusha mbuzi.
2. Rudi mtupu.
3. Vusha chui.
4. Rudi na mbuzi.
5. Mwache mbuzi, vusha majani.
6. Rudi mtupu.
7. Vusha mbuzi.

Majani yanaweza pia kutangulia na chui akafuata.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye hatua ya 4, kwa kudhani kwamba kilichokwisha kuvushwa hakirudishwi. Fumbo halina sharti hilo. Tena kumrudisha mbuzi ni lazima: yeye ndiye wa kwanza kuvushwa, na kinachofuata, kiwe chui au majani, hakiwezi kuachwa naye. Hivyo safari za kwenda ni 4 na za kurudi ni 3. Haziwezi kupungua chini ya 7.

Njia nyingine ni kuorodhesha hali zote. Mtu na vitu vitatu vinaweza kugawanyika kwenye kingo mbili kwa namna 16, na kati ya hizo 10 ni salama. Huunganishwa kwa mistari, kisha hutafutwa njia fupi.

Matoleo mengine

* Katika simulizi ya Zanzibar mtumbwi unabeba mtu na vitu viwili, ila hakuna viwili vinavyoweza kuachwa pamoja. Safari 3 zinatosha: vusha chui na mbuzi, mwache chui, rudi na mbuzi, kisha mvushe pamoja na majani.
* Waume watatu wenye wivu na wake zao huvuka kwa mtumbwi wa watu wawili. Mke haruhusiwi kuwa na mwanamume mwingine mumewe asipokuwepo. Zinahitajika safari 11. Wakiwa wanandoa wanne, kwa mtumbwi uleule, haiwezekani.