Urejeshaji wa akaunti ya mtandao wa kijamii

Urejeshaji wa akaunti ya mtandao wa kijamii ni utaratibu ambao mtumiaji aliyefungiwa akaunti, aliyewekewa vizuizi au aliyeshindwa kuingia katika akaunti yake hufuata ili aitumie tena. Mitandao inayohusika ni kama vile Facebook, Instagram, WhatsApp, TikTok, YouTube na X (iliyoitwa Twitter hadi mwaka 2023).

Kwa watumiaji wengi wa Afrika Mashariki akaunti si burudani tu. Ni duka la muuza mitumba anayeonyesha nguo zake kwa picha, ni daftari la mshonaji anayepokea oda kwa WhatsApp, na ni baraza la familia iliyotawanyika kati ya Mombasa, Muscat na Minneapolis. Mara nyingine ndimo zilimobaki picha pekee za marehemu. Hivyo kufungiwa akaunti kunaweza kumpotezea mtu wateja, fedha na kumbukumbu kwa siku moja.

Urejeshaji hutegemea maswali mawili. La kwanza ni: je, anayeomba ndiye mwenye akaunti kweli? La pili ni: je, akaunti ilivunja kanuni? Swali la kwanza hujibiwa kwa kuthibitisha utambulisho, la pili hujibiwa kwa kukata rufaa. Anayechanganya maswali haya hukwama: aliyeibiwa akaunti hasaidiwi na barua ya kujitetea, wala aliyefungiwa kwa kuvunja kanuni hasaidiwi na kubadilisha nywila.

Aina za vizuizi

Hali zinazomzuia mtumiaji kuingia au kutumia akaunti ni hizi:

- Kufungwa kwa sababu za usalama. Mfumo huona jambo lisilo la kawaida, kwa mfano mtu kuingia kwa simu mpya akiwa nchi nyingine, na kuifunga akaunti mpaka mwenyewe athibitishe kuwa ni yeye.
- Kizuizi cha muda. Mtumiaji huweza kusoma lakini hawezi kuandika, kutoa maoni au kutangaza moja kwa moja kwa saa au siku kadhaa.
- Kusimamishwa. Akaunti haionekani tena kwa wengine, lakini mwenyewe bado ana nafasi ya kukata rufaa.
- Kufungwa kabisa. Rufaa imekataliwa au muda wake umepita, na yaliyomo huweza kufutwa.
- Kutekwa. Mtu mwingine amepata nywila au namba ya uthibitisho, akaingia na kubadilisha barua pepe na namba ya simu ya mwenye akaunti.

Zipo pia hali zinazofanana na kufungiwa lakini si kufungiwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa 6 kutokana na hitilafu ya kampuni yenyewe. Vilevile serikali inaweza kuzuia mtandao mzima ndani ya nchi. Katika hali hizo akaunti iko salama, na hakuna cha kurejesha.

Sababu za kufungiwa

Kila mtandao una masharti ya matumizi na kanuni za jumuiya, ambazo mtumiaji huzikubali anapojisajili hata kama hakuzisoma. Kisheria akaunti hutumika kwa mkataba. Mtumiaji haimiliki kama anavyomiliki simu yake, na kampuni imejiwekea haki ya kuifunga.

Sababu za kawaida ni maudhui ya chuki, vitisho, picha za utupu, matumizi ya kazi za wengine bila idhini, kujifanya mtu mwingine, na umri mdogo. Mitandao mingi mikubwa haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 13. Nyingine ni mwenendo unaofanana na wa mashine: kutuma ujumbe uleule kwa watu wengi kwa haraka, au kuomba urafiki kwa mamia ya wageni kwa siku moja. Wafanyabiashara wadogo huangukia hapa bila kujua, kwa kuwa tangazo lilelile lililobandikwa katika makundi 30 huonekana na mfumo kama taka. Kwa upande wa WhatsApp, sababu inayojulikana sana ni kutumia programu zisizo rasmi zinazoiga WhatsApp, kama vile GB WhatsApp.

Mitandao mingine huadhibu kwa hatua. YouTube hutoa kwanza onyo. Baada ya hapo kosa la kwanza humzuia mtumiaji kupakia video kwa wiki 1, la pili kwa wiki 2, na makosa matatu ndani ya siku 90 huifunga chaneli.

Kuthibitisha utambulisho

Njia kuu ya kuthibitisha ni namba ya simu au barua pepe iliyowekwa wakati wa kujisajili. Mtandao hutuma tarakimu chache, na anayezipokea huhesabiwa kuwa mwenye akaunti. Kwa hiyo anayeishika laini ya simu ndiye anayeushika mlango. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na namba yake huweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Mwenye laini iliyopotea hushauriwa kuirudisha mapema kwa kampuni ya simu akiwa na kitambulisho chake, kabla ya kuanza kushughulikia akaunti yenyewe.

WhatsApp hutegemea namba ya simu. Aliyetekwa akaunti hujisajili upya kwa namba yake na kuingiza tarakimu 6 zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, na mtekaji hutolewa papo hapo. Ikiwa mtekaji ameweka namba ya siri ya hatua ya pili ambayo mwenyewe haijui, huenda mwenyewe akalazimika kusubiri siku 7 ndipo aingie bila namba hiyo. Hata hivyo mtekaji naye hubaki nje tangu tarakimu 6 zilipoingizwa.

Facebook na Instagram zina kurasa maalumu kwa waliotekwa, facebook.com/hacked na instagram.com/hacked. Barua pepe ya akaunti inapobadilishwa, taarifa hutumwa kwenye anwani ya zamani ikiwa na njia ya kutengua badiliko hilo. Taarifa hiyo hufaa tu ikiwa mwenyewe bado anaweza kufungua barua pepe ya zamani. Pale njia hizi zinaposhindikana, mtandao huweza kudai picha ya kitambulisho au video fupi ya uso.

Hapo jina huwa na uzito. Mwaka 2014 wasanii wa San Francisco nchini Marekani walifungiwa akaunti za Facebook kwa sababu walitumia majina ya jukwaani badala ya majina ya kwenye hati. Walilalamika hadharani, kampuni ikaomba radhi Oktoba mwaka huohuo, na baadaye ikaeleza kwamba jina linalotakiwa ni lile ambalo mtu anajulikana nalo katika maisha ya kila siku. Hata hivyo, mtu aliyejisajili kwa jina la utani au jina la biashara hupata taabu ya kuonyesha kwamba kitambulisho chenye jina jingine ni chake.

Kukata rufaa

Akaunti ikifungwa kwa kuvunja kanuni, mtumiaji huomba uamuzi upitiwe upya. Katika Facebook na Instagram kitufe cha rufaa huonekana anapojaribu kuingia, na muda wa kukata rufaa ni siku 180. Ukipita, akaunti hufungwa kabisa. Katika WhatsApp ombi la kupitiwa upya hutumwa kutoka ndani ya programu yenyewe, palipo na taarifa ya kufungiwa.

Rufaa inayosaidia huwa fupi. Hutaja kanuni inayodaiwa kuvunjwa, hueleza kilichotokea kwa mpangilio wa tarehe, na huambatanisha ushahidi, kwa mfano hati ya kibali cha kutumia picha. Ikiwa kosa lilitendeka kweli, kulikiri na kueleza limeondolewaje kuna maana kuliko kukana. Matusi na maombi yaleyale yanayorudiwa mara nyingi hayaongezi kitu. Katika mitandao mingi ya aina hii kufungua akaunti nyingine kukwepa adhabu ni kosa jipya.

Kwa watumiaji wa Facebook, Instagram na Threads ipo ngazi ya juu zaidi, yaani Bodi ya Usimamizi iliyoanzishwa na Meta. Wajumbe wake 20 wa kwanza walitangazwa Mei 2020, mmojawapo akiwa mwanasheria Maina Kiai wa Kenya. Bodi ilianza kupokea mashauri Oktoba 2020. Maombi hupelekwa ndani ya siku 15 baada ya uamuzi wa mwisho wa kampuni, lakini bodi huchagua mashauri machache tu kati ya maombi mengi inayopokea.

Matukio yaliyojulikana

Shauri lililojulikana zaidi ni la Donald Trump. Facebook ilimzuia tarehe 7 Januari 2021, siku moja baada ya Bunge la Marekani kuvamiwa, na Twitter ikamfungia siku iliyofuata. Tarehe 5 Mei 2021 Bodi ya Usimamizi ilikubali kwamba kulikuwa na sababu ya kumzuia, ila ikasema adhabu isiyo na ukomo haimo katika kanuni za kampuni. Facebook ikaweka muda wa miaka 2, na Januari 2023 Meta ikatangaza kumrudishia akaunti. Twitter, iliyokwisha kununuliwa na Elon Musk, ilimrudishia Novemba 2022.

Nchini Uganda, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, Facebook ilifunga akaunti kadhaa ilizosema zina uhusiano na Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano na zilitumika kuupotosha mjadala wa umma. Rais Yoweri Museveni alituhumu kampuni hiyo kwa upendeleo na kutangaza kufungwa kwa Facebook nchini. Katazo liliendelea kwa miaka baada ya uchaguzi, na wananchi ambao akaunti zao hazikuwa na kosa lolote nao walizuiwa.

Suala la lugha

Uamuzi wa kwanza wa kufunga au kuficha maudhui mara nyingi hutolewa na kompyuta, na kompyuta huweza kukosea maana. Mfano ni neno la Kiarabu shaheed, ambalo ndilo asili ya neno shahidi la Kiswahili. Meta ilikuwa ikiondoa maandishi yaliyolitumia neno hilo kwa watu iliowaorodhesha kuwa hatari, kana kwamba daima ni sifa. Machi 2024 Bodi ya Usimamizi ilieleza kwamba neno hilo lina maana nyingi, hutumika pia katika habari na maombolezo, na kwamba katazo hilo la jumla lilipita kiasi. Meta ilikubali kulilegeza mwaka huohuo. Kwa sababu hiyo mkata rufaa anayeandika kwa Kiswahili hufanya vyema kufafanua maana ya neno, methali au utani uliosababisha adhabu.

Sheria

Katika Umoja wa Ulaya, Sheria ya Huduma za Kidijitali inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024 inazitaka kampuni kumweleza mtumiaji sababu za kumfungia. Mitandao mikubwa hutakiwa pia kupokea malalamiko bila malipo kwa angalau miezi 6, na kutoacha uamuzi wa malalamiko hayo kwa mashine peke yake. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko nao wanalindwa na sheria hiyo.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hizi huhusu taarifa za mtu, si kanuni za maudhui za mitandao. Hata hivyo sheria ya Kenya inagusa pia maamuzi yanayotolewa na mashine pekee na kumwathiri mtu kwa uzito. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo, katika kesi za kazi za wahakiki wa maudhui wa Nairobi.

Utapeli

Aliyefungiwa akaunti huwa windo la matapeli. Wengine hujitangaza kuwa wana mtu ndani ya kampuni au kwamba ni wadukuzi wawezao kuifungua akaunti kwa malipo. Wakishalipwa hudai nyongeza au hutoweka, na mara nyingine huondoka na nywila na nakala ya kitambulisho. Wengine hutuma ujumbe unaodai kwamba ukurasa utafungwa ndani ya saa 24 usipobonyeza kiungo fulani, ambacho hupeleka kwenye ukurasa bandia wa kuibia nywila.

Mbinu nyingine huanza kwa rafiki ambaye naye ametekwa. Huomba arudishiwe tarakimu 6 alizozituma "kwa bahati mbaya". Tarakimu hizo ndizo funguo za akaunti ya anayeombwa, na akizitoa, jamaa zake wataanza kuombwa fedha kwa jina lake. Rufaa katika mitandao hiyo haina malipo, na hakuna mfanyakazi halali anayehitaji kuambiwa nywila wala tarakimu za uthibitisho. Nchini Tanzania namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Kinga

Sehemu kubwa ya ushahidi wa umiliki hutayarishwa kabla ya tatizo kutokea. Mambo yanayosaidia ni kuweka barua pepe inayofunguka pamoja na namba ya simu inayotumika, kuzibadilisha mara laini inapobadilika, kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili na kuandika namba za akiba kwenye karatasi. Ukurasa wa biashara, shule au msikiti hufaa kuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja, ili mmoja akifungiwa wengine waendelee.

Picha na orodha ya wateja huhitaji nakala nje ya mtandao. Facebook, Instagram na Google humruhusu mtumiaji kupakua taarifa zake akiwa bado ana akaunti. Akaunti ikifungwa kabisa, nakala hiyo huweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki.