Mafuta ya Taa Alinunua Nani?

Vijana wenzangu wa kalamu, nianze kwa kuungama. Insha yangu ya kwanza kuhusu maisha yangu ilikuwa ya kujisifu tu. Nilieleza nilivyosoma usiku kwa kibatari mpaka nikafaulu mtihani wa darasa la saba. Nikaisoma nyumbani kwa sauti. Mama akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza: "Na mafuta ya taa alikuwa ananunua nani?"

Nikanyamaza. Alikuwa ananunua dada yangu, kwa pesa ya maandazi aliyouza kituo cha basi baada ya kuacha shule. Katika kurasa zangu sita hakuwemo hata kwa jina.

Swali lile likanirudisha kwa wazee waliotutangulia. Maana wengi wetu tunadhani kuandika maisha yako mwenyewe ni mtindo wa juzi, ati umekuja na vitabu vya Wazungu. Kumbe Kiswahili kina historia yake.

Mmoja wa watangulizi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa Unguja. Aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazitoa kwa herufi za Kirumi kule Berlin, mwaka 1902 na 1903. Bwana yule anajua kusimulia! Kuna safari, vita, madeni, na pembe za ndovu zinahesabiwa kwa frasila. Lakini waliozibeba kutoka Manyema hadi pwani, na waliouzwa, walikuwa wanawaza nini? Humo hupati. Pembe zina uzito, watu hawana sauti.

Mwaka 1934, James Mbotela akatoa "Uhuru wa Watumwa". Baba yake alikuwa mmoja wa watumwa waliokombolewa, watu wa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Sasa anayesema ni upande wa mnyororo. Hata hivyo naye ana mizani yake: Waingereza amewasifu mno, na wasomaji wa baadaye hawakuacha kumlaumu kwa hilo.

Halafu kuna Shaaban Robert. "Maisha Yangu" kilitoka mwaka 1949, na ndani yake ameweka tenzi za kuwausia watoto wake. Ni kitabu kitulivu, kila neno kama limepigwa pasi. Mwaka 2002 zikachapishwa barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Hebu zisome sambamba na kitabu. Kitabuni anasema na umma, baruani anasema na ndugu. Mtu ni yule yule, sauti mbili.

Somo nililopata ni hili: kila anayeandika maisha yake anashika mizani, na daima kuna mtu hakupimwa. Kwa hiyo ukimaliza rasimu, usikimbilie kuipeleka kwa mhariri. Chukua karatasi nyingine, orodhesha waliokuwepo siku ile: aliyepika, aliyelipa, aliyefukuzwa, aliyelia. Nani hayumo? Kwa nini? Na usimtungie maneno. Kama yu hai, nenda ukamwulize.

Mimi nilikwenda. Nilikuwa nimeshaandika upya insha yote, safari hii dada akiwa shujaa aliyeacha shule ili mimi nisome. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani kakwambia? Niliacha kwa sababu ya viboko vya mwalimu wa hesabu. Wewe ulikuwa bado mdogo, hata sikukuwazia."

Yaani hata majuto yangu yalikuwa ya kujisifu! Nilimtoa gizani nikamgeuza ngazi ya kupandia mimi.

Tukakaa barazani mpaka usiku, yeye anasema, mimi naandika. Alipomaliza akaniruhusu kuyatoa, kwa sharti moja: jina lake nisilitaje. Ndiyo maana hata humu hulioni. Ila safari hii halimo kwa sababu yeye mwenyewe alikataa.