Dengue (neno)

Dengue ni neno la Kiingereza lililotoka katika Kihispania, na kwa maelezo ya wengi chimbuko lake ni Kiswahili. Hutaja homa ya virusi inayoenezwa na mbu wa Aedes. Kwa Kiswahili ugonjwa huo ni kidingapopo.

Asili

Kiingereza kililipata neno hili Karibi, wakati wa mlipuko mkubwa wa 1827–1828. Wasemaji wa Kiingereza visiwani humo waliita ugonjwa huo "dandy", yaani mtanashati, kwa sababu mgonjwa alikakamaa viungo akatembea kama mwenye maringo. Kuba ulijulikana kama dengue, neno ambalo Kihispania kilikuwa nalo tayari kwa maana ya madaha.

Maelezo maarufu zaidi ni ya daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja. Mlipuko wa 1870 ulipokikumba kisiwa, aliwasikia wenyeji wakisema kidinga pepo: mtu hushikwa ghafla, viungo vikamkaza, na lawama ikaenda kwa pepo. Wazee walimweleza kuwa maradhi ya namna hiyo yaliwahi kufika karibu 1823. Kwa kuwa mwaka huo unautangulia mlipuko wa Karibi kwa muda mfupi tu, Christie alishikilia kwamba jina na ugonjwa vilivuka bahari pamoja. Hoja hiyo yenye mvuto imerudiwa katika vitabu vingi vya tiba.

Mabadiliko ya maana

Katika karne ya 19 neno lilikusanya homa nyingi zenye maumivu ya viungo na vipele. Mwaka 1943 Ren Kimura na Susumu Hotta walivitenga virusi vya dengue nchini Japani. Kisha mlipuko wa 1952–1953 huko Newala, Tanganyika, ukaleta jina jipya kutoka Kimakonde: chikungunya, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja. Mwaka 1971 Donald Carey alionyesha kwamba maradhi ya Unguja ya 1823 na 1870 yanaelekea kuwa chikungunya. Kwa hiyo jina lilibaki na ugonjwa mmoja, ilhali wagonjwa wa Christie yaelekea walikuwa na mwingine.

Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani hutofautisha dengue ya kawaida na dengue kali.

Matumizi ya sasa

Katika milipuko ya Dar es Salaam ya 2014 na 2019, dengue na kidingapopo yalitumika yote mawili.