Ufa wa Gitaa na Karatasi ya Waranti

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia nani amlipe fundi. Swali hilo lilinikuta Chicago, usiku mmoja wa Januari, nilipolichukua gitaa kutoka kwenye stendi yake kando ya hita. Niliona mstari mwembamba kama unywele kifuani mwake. Nikaupangusa kwa kidole nikidhani ni vumbi. Wapi! Ulikuwa ufa.

Na si gitaa la kununuliwa kwa chenji za matatu. Ni akitopu, gitaa ambalo kifua chake hakikulazwa bapa bali kimechongwa kikabinuka kama cha fidla, na matundu yake mawili yana umbo la herufi f. Ami yangu alilinunua jipya, baada ya miaka mingi ya kuendesha teksi mjini humo. Vidole vyake vilipoanza kukakamaa alinikabidhi mimi, akarudi zake Mombasa. Aliniachia maneno mawili tu: "Mpe maji." Maana yake, msimu wa baridi niliweke ndani ya kasha lake pamoja na sponji yenye unyevu. Mimi nilicheka. Tangu lini gitaa likanywa maji?

Nikampigia simu.

"Shikamoo, ami. Gitaa limepasuka."

Alichelewa kuitikia. "Marahaba. Wapi?"

"Kifuani. Toka tundu la chini mpaka karibu na ukingo."

"Sponji uliweka?"

Sasa ikawa zamu yangu kunyamaza.

"Basi sikiliza," akasema. "Waranti ipo, nimeiacha kashani. Waandikie kwa jina langu, waambie gitaa bado ni langu. Risiti si ina jina langu? Huo si uongo, mwanangu."

Nikaitoa karatasi nikaisoma mara tatu. Ilisema dhamana ni ya maisha, lakini kwa mnunuzi wa kwanza peke yake. Inafidia kasoro za kazi na za vifaa. Haifidii madhara ya ukavu wala joto. Kampuni yenyewe sitaitaja, haina kosa hapa. Lakini usingizi haukuja, nikaanza kutafuta asili ya karatasi ile. Ndipo nikajikuta katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, karne ya kumi na tisa.

Huko aliishi Orville Gibson, aliyezaliwa mwaka 1856. Huyu bwana aliamini kwamba mbao ikipindwa kwa nguvu hupoteza sauti, kwa hiyo akachonga. Mwaka 1898 alipata hataza ya mandolini ya kuchongwa. Mwaka 1902 wafanyabiashara wa mji huo wakaunda kampuni yenye jina lake, na kazi ya mtu mmoja mwenye patasi ikawa kazi ya kiwanda. Hapo ndipo kitu kipya kilipohitajika. Ukinunua kwa fundi unayemjua, ukiona kasoro unamrudia mlangoni. Ukinunua kwa kiwanda kilicho mbali, utamrudia nani?

Jibu likawa karatasi. Mandolini na magitaa ya kampuni hiyo ya miaka ya 1910 yalikuwa na lebo ndani, yenye namba ya chombo na ahadi: pakitokea kasoro ya kazi au ya vifaa, kiwanda kitatengeneza bure au kubadilisha. Ila ahadi ilikuwa na sharti katikati yake, kwamba chombo kiwe kimetunzwa na kutumiwa ipasavyo. Niliposoma hilo nikalikumbuka hita langu. Kumbe tangu zamani zile karatasi ilikuwa na pande mbili, nao walishaniuliza mimi swali kabla sijazaliwa.

Mwaka 1922 ikaja L-5, gitaa lililosimamiwa na Lloyd Loar, la kwanza katika kampuni hiyo kuwa na matundu ya f. Ndani ya zile za mwanzo mna lebo ya pili yenye sahihi ya Loar mwenyewe, ikieleza kwamba chombo kimejaribiwa na kukubaliwa siku fulani. Mtu aliweka jina lake. Loar aliondoka mwaka 1924, lakini gitaa lake ndilo lililosaidia kuisukuma kando banjo katika bendi kubwa za jazi, maana lilisikika katikati ya tarumbeta. Mwaka 1932 John D'Angelico akafungua karakana yake New York, akachonga magitaa 1,164 mpaka kufa kwake mwaka 1964.

Mbona basi vitu vilivyochongwa na mabingwa vipasuke? Kwa sababu mbao haisahau kwamba ilikuwa mti. Kifua cha akitopu nzuri huwa ni cha sprusi, mti wa nchi za baridi, na mgongo ni wa mepo. Mbao hunywa unyevu wa hewa ikavimba, huutoa ikanywea, na hunywea zaidi kukata mishipa yake kuliko kuifuata. Kifua kimegundishwa kuzunguka ukingo wote, hakina pa kwenda. Mafundi hupenda hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 55. Hewa ya baridi kali ikiingizwa ndani na kupashwa moto inaweza kushuka hata chini ya 20. Plaiwudi huvumilia zaidi, na ES-175 ya mwaka 1949 ilitengenezwa kwa mepo ya tabaka iliyofinyangwa kwa mashine. Mbao nzima ina sauti yake, na bei ya sauti hiyo ni kutunzwa.

Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya waranti za bidhaa za walaji: sharti ziandikwe kwa lugha ya kueleweka, na zile zisizo kamili zitamke wazi kwamba zina mipaka. Ya ami ilitamka. Nisingeweza kusema sikuelewa.

Niliandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa jina la ami, tamu kama halua. Nikaichana. Ya pili ilisema ukweli: nilipewa zawadi, na nililiweka kando ya hita. Walinijibu kwa adabu kwamba waranti hainihusu.

Nikalipeleka kwa fundi wa mtaani. Alitazama ndani kwa taa na kioo kidogo. Gundi zote zilikuwa salama, ufa ulifuata mshipa wa mbao. "Hii ni kiu," alisema. Alilirudishia unyevu polepole kwa siku kadhaa hadi ufa ukajifunga wenyewe, akasukumia gundi, akabandika kwa ndani viraka vidogo vya sprusi vilivyokingama. Mshahara wangu wa wiki mbili ukaenda hivyo.

Ami nilipomweleza alikasirika kwanza. "Doo zako mwenyewe! Na waranti ipo!" Kisha akauliza, "Sauti je?" Nikaweka simu juu ya meza nikampigia nyuzi. Hakusema kitu kwa muda mrefu, nikafikiri laini imekatika.

"Mpe maji," akasema, akakata.

Ukichungulia tundu la f leo utaona lebo mbili. Moja ni ya kiwanda. Ya pili ni kipande cha karatasi alichobandika fundi, chenye tarehe ya kazi na sahihi yake, bila ahadi yoyote. Aliniuliza kama nataka aandike na jina la mwenye gitaa. Nikamwambia aandike la ami.