Mabega Yaliyopanda Kilimanjaro

Vitabu vinatufundisha kwamba kilele cha Kilimanjaro kilifikiwa mara ya kwanza tarehe 6 Oktoba, 1889. Waliokifikia ni Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria. Hilo halina ubishi. Lakini hebu tujiulize: mahema, mablanketi, vyakula na vyombo vya kupikia vya mabwana hao vilipanda kwa mabega ya nani?

Meyer alikuwa amejaribu mara mbili kabla. Mwaka 1888 alinaswa katika vita vya Abushiri, akaachiwa baada ya kulipa fidia. Aliporudi mwaka uliofuata alikuja na msafara wa wapagazi kutoka pwani. Wengi waliachwa chini. Katika kambi ya juu, zaidi ya mita 4,000, alibaki nao mtu mmoja tu: Mwini Amani, mzaliwa wa Pangani. Huyu mtu wa minazi na joto la bahari alikaa kwenye baridi kali, akapika na kulinda kambi, wazungu wakienda na kurudi barafuni. Meyer mwenyewe amemtaja kitabuni mwake. Je, ni wangapi kati yetu tuliowahi kulisikia jina hilo?

Upagazi haukuanzia mlimani. Kabla ya reli, pembe za ndovu zilitoka bara hadi pwani mabegani mwa watu, na Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hiyo. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16. Misafara hiyo ndiyo iliyotawanya maneno kama posho, yaani chakula cha mpagazi, na kirongozi, yule aliyetangulia mbele. Wageni walipokuja kupanda mlima waliikuta kazi tayari ina watu wake, desturi zake na lugha yake.

Sasa tuifuate njia ya Marangu, safari ya siku tano au sita kwenda na kurudi. Siku ya kwanza mtu hupita msituni na kulala Mandara. Siku ya pili hutoka msituni, akapita nyikani hadi Horombo. Siku ya tatu huvuka uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo, akajipumzisha kibanda cha Kibo. Usiku wa manane huanza kupanda kokoto, jua limkute juu.

Majina ya vituo hivyo yana historia. Enzi za Wajerumani, Mandara kiliitwa Bismarck na Horombo kiliitwa Peters. Huyo ni Carl Peters, ambaye wenyeji walimpa jina la Mkono wa Damu. Akiwa kamishna wa Kilimanjaro aliamuru kunyongwa kwa mtumishi wake Mabruk mwaka 1891, na msichana Jagodja mwaka 1892. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Kilele nacho Meyer alikipa jina la Kaisari Wilhelm.

Uhuru ulipokuja, tulisafisha. Usiku wa kuamkia 9 Desemba, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge kileleni, na kilele kikawa Uhuru. Vibanda vikapewa majina ya wamangi: Mandara wa Moshi na Horombo wa Keni. Tulifanya vema. Lakini tazama: tulimwondoa mtawala wa kigeni, tukamweka mtawala wa kwetu. Hakuna kituo cha kulala katika njia hiyo chenye jina la mpagazi.

Kama ingekuwa ni suala la majina tu, tungelifunga hapa. Lakini mpagazi yupo hadi leo. Kanuni za hifadhi zinaweka ukomo wa kilo 20 kwa mtu, na mizani ipo getini. Hata hivyo, malalamiko ya ujira mdogo, chakula haba na nguo zisizofaa yamesikika miaka na miaka. Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa kuwaazima wapagazi makoti na viatu vya baridi bila malipo. Fikiri, miaka 114 baada ya Mwini Amani kutetemeka pale juu, mbeba mzigo bado alihitaji kuazimwa koti!

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku hizi si wageni tu wanaopanda. Kila Desemba wananchi wenzetu, wengi wao wakazi wa miji, hupanda kuadhimisha Uhuru. Kwao nina ombi. Kabla ya kulipa, muulize wakala wa safari mpagazi atapata shilingi ngapi mkononi, atakula nini na atalala wapi. Getini, hakikisha mzigo wako umepimwa. Na ukishuka salama na cheti chako, uwe unajua jina la aliyekubebea maji ya kunywa.

Uhuru wa kileleni hauna budi kumfikia na yule aliyebeba hema.